Pombe ya Mtu Asiyekimbizwa

Shosho alionja kidogo, akaweka glasi mezani, akanyamaza. Sote tulikuwa tunamwangalia. Ilikuwa usiku wa Desemba 2023, sebuleni kwake hapa Njiru, siku ile tuliyotoka kupeleka ruracio ya kaka yangu. Nilikuwa nimefungua chupa ya bia ya Ubelgiji niliyoiweka kwa miaka minne, na nilitarajia aseme ni chungu, au inafanana na dawa ya kikohozi. Akasema, "Hii imepikwa na mtu ambaye hakimbizwi."

Watu walicheka, mazungumzo yakarudi kwa mbuzi na bei ya petroli. Mimi ile sentensi ilinikaa kichwani. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia yangu nyingi nimeisomea kwa simu na kwa vitabu vya kuazima, usiku, stima ikiwepo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu pombe, kwa sababu nilitaka kujua kama shosho alisema ukweli au ilikuwa mzaha tu wa mtu aliyechoka. Nilichopata ni kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe.

Nianze na ile chupa. Mwisho wa 2019 shangazi yangu, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee huko Antwerp, alituma chupa mbili za Chimay ya bluu na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Ni bia nyeusi ya asilimia 9, inayotengenezwa ndani ya kuta za monasteri ya Scourmont, karibu na mji wa Chimay. Kwenye lebo mwaka umeandikwa. Hilo ndilo lililonishangaza. Mimi nilijua bia ina tarehe ya kuharibika. Sikujua kuna bia yenye tarehe ya kuzaliwa.

Moja tuliinywa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa kali, yenye povu jingi na ladha kama ya pilipili manga, na pombe yake ilikuwa inagonga pua. Ya pili niliamua kuiweka, kwa sababu nilisoma kwamba Wabelgiji wengi hufanya hivyo nyumbani. Huchukua bia nzito, huziweka kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, mahali penye giza na baridi ya nyuzi 10 hadi 13 au karibu na hapo, zikiwa zimesimama, halafu wanasahau.

Njiru hatuna vyumba chini ya nyumba. Chini ya nyumba zetu kuna mawe, na mawe yenyewe yanachimbwa kwa machimbo yaende kujenga nyumba za watu wengine. Mimi naishi ghorofa ya juu kabisa ya ploti moja upande wa Kangundo Road, ambapo saa tisa mchana ukuta unakuwa moto kama sufuria. Nilichofanya ni kununua mtungi wa udongo, nikaujaza mchanga, nikaizika chupa humo ikiwa imesimama, nikausukuma mtungi chini ya sinki, na kila nilipokumbuka nikamwagia mchanga maji. Maji yanapokauka kwenye udongo hubeba joto. Siyo Ubelgiji, lakini ilikuwa afadhali kuliko chini ya kitanda. Maji yakikatika wiki nzima, chupa nayo ilingoja kama sisi wengine.

Kwa nini bia kama hiyo inakaa na nyingine haikai? Bia nyepesi ya kawaida, ile tunayoagiza baridi, huchujwa na kupashwa moto kiwandani ili kila kitu ndani yake kife. Ikitoka hapo haina safari nyingine isipokuwa kuharibika. Ukiiweka miaka minne utakunywa kitu chenye ladha ya karatasi iliyolowa. Lakini watawa huongeza hamira na sukari kidogo kabla ya kufunga chupa. Hamira hiyo iko hai. Inakula sukari, inatengeneza gesi, inakunywa hewa iliyobaki ndani. Pombe nyingi nayo inazuia vijidudu vya kuharibu. Baada ya hapo muda unafanya kazi yake polepole. Ule ukali unapungua, na zinakuja ladha za zabibu kavu, sukari nguru, tende. Chupa yangu, pamoja na mateso yote ya chini ya sinki, ilikuwa imefika huko. Ilikuwa imetulia. Shosho aliligundua kwa tone moja.

Sasa, hizi bia nzito za Ubelgiji hazikushuka kutoka mbinguni. Sehemu ya historia yake ni ya sheria. Tarehe 29 Agosti 1919, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vita, Ubelgiji ilipitisha sheria iliyokataza baa kuuza pombe za kuchemsha, zile za aina ya jini. Aliyetaka kuipeleka nyumbani alilazimika kununua lita 2 kwa mpigo, na mfanyakazi wa kawaida hakuwa na pesa hizo. Sheria hiyo inajulikana kwa jina la Emile Vandervelde, msoshalisti aliyeamini kwamba jini ilikuwa inawamaliza wafanyakazi. Huyu ni yule yule wakili aliyesafiri hadi Kongo mwaka 1909 kuwatetea mahakamani wamishenari wawili, William Morrison na William Sheppard, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameandika kuhusu mateso ya watu wa Kasai mikononi mwa kampuni ya mpira.

Sheria ya Vandervelde ilikaa hadi miaka ya 1980. Watu walikosa jini kwenye baa, lakini hamu ya kitu kikali haikuisha. Watengenezaji wa bia wakaona nafasi, wakatengeneza bia nzito zaidi. Hakuna aliyeingia jikoni kwao kumwaga mapipa. Serikali ilifunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi, na kwenye ule ulioachwa wazi ufundi ukakua.

Hata hao watawa waliwahi kukimbizwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliingia Scourmont, na vita vilipoisha ilibidi kuanza upya. Mtawa mmoja, Padri Théodore, akisaidiwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Leuven, Jean De Clerck, alitenga hamira ya monasteri mwaka 1948. Bia zao za leo zinatokana na hamira hiyo. Chimay ya bluu ilianza kipindi hicho hicho kama bia ya Krismasi. Kwa maneno mengine, walikimbizwa miaka michache, wakarudi, na tangu hapo hawajasumbuliwa tena. Chupa iliyofika Njiru ilitoka kwenye utulivu wa zaidi ya miaka 70.

Tarehe 10 Septemba 1919, siku 12 tu baada ya sheria ya Vandervelde, mataifa makubwa yalikutana Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, yakatia sahihi mkataba kuhusu pombe Afrika. Ubelgiji ilikuwemo. Uingereza ilikuwemo. Mkataba ulikataza pombe za bei rahisi za kuchemsha zisiingizwe sehemu kubwa ya bara hili, na ukakataza zisitengenezwe humo kabisa. Haukuwa wa kwanza. Mwaka 1890 mkutano mwingine ulikuwa umefanyika Brussels kwenyewe, hasa kuhusu biashara ya watumwa, na ndani ya makubaliano yake kulikuwa na sura nzima kuhusu pombe kali, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Angalia ramani. Njiru iko ndani. Kabla Nairobi haijakuwa hata kituo cha reli, watu waliokaa Brussels walikuwa wameshaamua nani anywe nini hapa.

Nisiwe mnafiki: jini ya biashara ilifanya uharibifu mkubwa Afrika, hasa pwani ya magharibi, na baadhi ya waliopigania sheria hizo walikuwa na nia njema. Lakini sheria zenyewe zilimgawa mtu kwa rangi. Mzungu wa Nairobi aliendelea na wiski yake. Mwafrika hakuruhusiwa hata bia ya chupa. Kiwanda cha Ruaraka kilianza mwaka 1922, ukipanda mat kutoka huku kwetu ni karibu tu, na kwa zaidi ya miaka 20 mtu aliyekuwa anabeba magunia ya shayiri pale hakuruhusiwa kisheria kununua kilichokuwa kinatoka upande wa pili. Ruhusa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940.

Na pombe yake mwenyewe, ile ya nyumbani? Nayo ilishikwa. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 iliwapa viongozi wa vijiji, waliochaguliwa na serikali, uwezo wa kutoa amri za kuzuia utengenezaji wa pombe. Nairobi, baraza la mji liliiga mfumo uliokuwa umeanzia Durban mwaka 1908: marufuku kwa mtu binafsi kutengeneza pombe ya kuuza, halafu baraza lenyewe linafungua kilabu lake. Kilabu hicho kilijengwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pombe ilikuwa ni ile ile ya kiasili, wanywaji ni wale wale, ila faida ilikuwa inaenda kwa baraza, na baraza lilitumia pesa hizo kulipia huduma za mtaa wa Waafrika. Yaani Mwafrika alijilipia bomba la maji kwa kulewa, na mwanamke aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu kwa sababu alikuwa anashindana na serikali.

Hapa ndipo nirudi kwa shosho, kwa sababu yeye ni mpishi wa muratina.

Kama hujawahi kuiona ikitengenezwa, ni hivi. Muratina ni pombe ya asali au ya maji ya miwa, lakini jina limetokana na tunda. Mti wake kwa Kiswahili ni mwegea. Matunda yananing'inia kwenye kamba ndefu kama soseji kubwa, na moja linaweza kukushinda kubeba kwa mkono mmoja. Tunda bichi ni sumu, haliliwi. Linakatwa, linakaushwa, linachemshwa, kisha linalowekwa kwenye asali au maji ya miwa kidogo hadi lianze kuchacha. Baada ya hapo linaanikwa tena juani. Ndani ya zile nyuzi zake hamira imeshaingia na kulala. Siku ya kupika, unatumbukiza tunda kwenye kibuyu au pipa la maji ya miwa, unaweka karibu na joto, na baada ya siku moja hadi nne hivi pombe iko tayari. Unalitoa tunda, unalianika, unaliweka hadi sherehe nyingine. Wakamba, majirani zetu wa barabara hii hii ukienda mbele hadi Kangundo, wana yao ya aina hiyo, wanaiita kaluvu.

Muratina yenyewe haikai. Iko hai, na siku chache baadaye inageuka siki. Kwa hivyo mtu anaweza kusema, kama wengi walivyosema, kwamba pombe zetu hazina historia kwa sababu haziwekeki. Lakini hapo ni kuangalia mahali pasipofaa. Wabelgiji waliweka chupa. Sisi tuliweka tunda. Tunda zuri linatumika mara nyingi, linapita kutoka kwa mkono wa mtu mmoja hadi mwingine, na kila safari hamira iliyo ndani ni uzao wa ile iliyotangulia. Kile Padri Théodore alichokitenga kwenye maabara, shosho alikuwa nacho kimefungwa kwenye gunia juu ya moto wa jikoni, huko Murang'a, ambapo moshi ulikiweka kikavu.

Alikuwa na matunda matano. Matatu alipewa na mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameyapata kwa mtu mwingine. Zamani kupika ilikuwa kazi ya boma zima, wanaume na wanawake, na kunywa kulikuwa na mpangilio: wazee kwanza, na kwa sababu, kama vile ruracio, upatanisho, au tohara. Guka alipofariki, shosho akabaki na matunda na watoto sita. Akaanza kuuza kidogo ili alipe karo. Hiyo ni hadithi ya wanawake wengi wa nchi hii. Mwanaanthropolojia Nici Nelson, aliyefanya utafiti Mathare miaka ya 1970, aliandika kuhusu wanawake waliokuwa wanapika busaa, jinsi walivyokopeshana na kupeana habari polisi wakionekana. Bila pombe, wengi wao wasingelipa nyumba.

Uhuru ulikuwa umeshakuja, lakini sheria zilibaki na kisha zikakazwa. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978, leseni za vilabu vya pombe za kienyeji hazikudumu. Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Mwaka wa tatu baada ya hapo, shosho anasema, askari walikuja asubuhi akiwa anakamua ng'ombe. Walimwaga pipa, hilo alilitegemea. Hakutegemea kwamba mmoja wao angeingia jikoni, ashushe gunia, na atupe matunda motoni.

Yaliungua matatu. Mawili yalipona kwa sababu jirani alikuwa ameyaazima kwa harusi ya mtoto wake. Shosho alipiga faini, akarudi nyumbani, na hajawahi kuuza tena. Akayaficha yale mawili, na tangu hapo hupika kwa sherehe za familia tu, kidogo, mapazia yakiwa yamefungwa.

Nilimuuliza kama alilia. Akasema alilia siku ya pili, alipokumbuka kwamba lile kubwa lilikuwa la mama mkwe.

Nataka uone kilichofuata, kwa sababu ndicho kiini cha jambo lenyewe. Busaa au muratina ni vigumu kuficha. Inahitaji mapipa, siku kadhaa, moto, na inanuka hadi barabarani. Wateja nao wanakuja kukaa, wanaimba. Ukikimbizwa unapoteza kila kitu, na hata usipokimbizwa inaharibika baada ya siku chache. Chang'aa ni tofauti. Unachachua, unachemsha, unanasa mvuke, na pipa zima linageuka kuwa jerikeni moja. Jerikeni unaibeba, unaizika, unaizamisha mtoni. Haiharibiki. Inalewesha haraka, mteja anamaliza na kuondoka kabla karao hajafika. Ufundi wa kuchemsha pombe haukuanza mwaka 1980. Wanubi wa Kibera walikuwa wanajulikana kwa jini yao tangu enzi za mkoloni. Lakini kila mara serikali ilipoingia jikoni kumwaga pombe laini, ilimsukuma mpishi kuelekea ile kali.

Ubelgiji sheria ilisukuma watu kutoka jini kwenda bia. Hapa sheria ilisukuma watu kutoka bia kwenda jini. Wabelgiji walibaki na kitu kinachohitaji subira, sisi tukabaki na kitu kinachohitaji haraka.

Na haraka inaua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi, wengi wao Mukuru, kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mei 2014 ilikuwa Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024, miezi miwili tu baada ya ruracio yetu, ilikuwa Kirinyaga. Methanoli haina rangi, haina harufu ya kukutahadharisha, na ni rahisi kupatikana kwa mtu anayetaka kuongeza ukali bila kusubiri. Ikishaingia mwilini, ini linaigeuza sumu ambayo hushambulia mshipa wa jicho kwanza. Ndiyo maana wengi wanaopona hubaki vipofu.

Anko yangu ni mmoja wao. Ni mtoto wa mwisho wa shosho. Mwaka 2014 alikunywa kwenye kilabu kimoja mtaani, mahali ambapo hakujua ni nani aliyepika, kwa sababu mpishi hakutaka kujulikana. Aliamka asubuhi akauliza kwa nini watu hawajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa darasa la nane. Kwa hivyo nisikilize vizuri: siandiki haya kusema pombe ni kitu kitamu, au kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Kuna wanawake hapa Njiru ambao wakisikia muratina wanakumbuka kipigo. Nasema tu kwamba mama alikuwa na tunda, alijua kilichomo ndani yake, na tulimfukuza jikoni. Miaka 30 baadaye mtoto wake akanywa kilichopikwa na mtu asiye na jina.

Serikali ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2004 ilipunguza ushuru wa bia ya kegi ya Senator ili iuzwe bei ya chini na iwavute watu kutoka kwa chang'aa. Ikafaulu kwa kiasi, hadi ushuru uliporudishwa mwaka 2013 na bei ikapanda. Mwaka 2010 sheria mpya, ile tunayoita ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kuihalalisha kwa masharti: leseni, vipimo, na iuzwe kwa chupa ya glasi. Kwa mara ya kwanza sheria ilisema pombe hii inaweza kuwa na jina na lebo. Lakini mama wa pipa moja hana kiwanda, hana pesa za chupa, hana mtu wa kumjazia fomu. Waganda walikuwa wamejaribu kitu kama hicho miaka ya 1960: wapishi wa kienyeji wauzie kiwanda cha serikali, kiwanda kisafishe, kitie kwa chupa. Ndiyo asili ya Uganda Waragi, ambayo leo inauzwa hata hapa Kayole. Siyo hadithi isiyo na dosari, waragi ya magendo bado inaua watu kule. Ila mtu fulani alifikiria kwamba mpishi anaweza kuwa sehemu ya jibu.

Kuna jambo moja la mwisho nililolipata nikisoma, na lilinifunga mdomo. Mwaka 1954 watawa wa Scourmont, hao hao wa Chimay, walianzisha monasteri Mokoto, Kivu Kaskazini. Wakakaa kule miaka 40 na zaidi, kando ya maziwa, wakilima na kusali. Mei 1996 vita vya Masisi vilifika. Watu waliokuwa wamekimbilia kwao waliuawa, na watawa wakatawanyika. Nyumba mama na nyumba mtoto zilifuata kanuni moja na ratiba moja ya sala. Moja imebaki pale pale tangu 1850, na ina chupa zenye miaka kwenye lebo. Nyingine ilibidi ikimbie. Hapo ndipo nilielewa maneno ya shosho vizuri. Ubora ni nusu ya hesabu. Kuweka kitu miaka kumi ni kuamini kwamba miaka kumi ijayo bado utakuwa hapo na mlango wako hautakuwa umevunjwa.

Usiku ule wa Desemba glasi ilizunguka hadi ikafika kwa anko. Tangu 2014 hajagusa pombe ya mtu. Aliinusa kwa muda mrefu. Akauliza, "Imepikwa na nani?"

Nikamsomea lebo: mahali, mwaka, asilimia, jina la monasteri.

"Na ile nyingine?" Alimaanisha muratina iliyobaki kwenye kibuyu.

"Mimi," shosho akajibu kutoka upande wa pili wa chumba.

Akairudisha ya Ubelgiji mezani bila kuonja, akanyoosha mkono upande wa sauti ya mama yake. Alikunywa funda moja tu, akasema imekaza kidogo, asali ilikuwa nyingi. Shosho akamwambia anyamaze, hajui kitu. Tulicheka tena.

Mwezi uliopita shosho alinipa tunda moja kati ya yale mawili. Amefika miaka 80 na kitu, mikono yake haikamui tena. Alinionyesha jinsi ya kuligonga usikie kama limekauka, na jinsi ya kunusa: likinuka ukungu, tupa, usiwe na huruma. Sijapika bado. Anayetengeneza pombe anatakiwa awe na leseni, na mimi kodi yenyewe ya nyumba ni ngori. Nimelitundika ukutani juu ya jiko la gesi, ndani ya mfuko wa kitambaa, mahali penye joto. Mtungi uko chini ya sinki, una mchanga mkavu na chupa tupu. Shangazi ameuliza kama atume nyingine. Nimemwambia atume, na safari hii nitaiweka miaka kumi.